Ukitaka Kuinunulia Shule Kompyuta, Anza na Karatasi ya Sifa

Siku kompyuta ya mwanafunzi inapochaguliwa ni siku ile karatasi ya sifa zake inapoandikwa. Baada ya hapo taratibu huchukua nafasi: wazabuni wanaweka bei, kamati ya tathmini inalinganisha, na mwenye bei ya chini aliyetimiza sifa ndiye anayepewa kazi. Kama karatasi yako ilisema tu "kompyuta mpakato 20 zenye uwezo mzuri", shule italetewa mashine 20 dhaifu kuliko zote zilizopo sokoni mwezi huo, na hakuna hata mmoja atakayekuwa amevunja sheria. Watoto watazitumia muhula mmoja, kisha zitahamia kabatini.

Naandika kwa ajili yako mwalimu mkuu, wewe mjumbe wa kamati ya shule, wewe afisa ugavi wa halmashauri unayeletewa maombi ya shule usizowahi kufika, na wewe mzazi uliyeteuliwa kwenye bodi ya shule binafsi. Taratibu nitakazozitaja ni za Tanzania. Somo lenyewe nimelichota hata kwa majirani na kwingine, maana waliotutangulia wamelipia gharama tunayoweza kuiepuka.

Mashine inavyokufa shuleni

Kabla hujaandika sifa yoyote, nenda kwa fundi wa kompyuta wa mjini kwako, ukae kwenye benchi lake saa moja, umwombe akuonyeshe mashine zilizoletwa na wanafunzi. Utaona kwamba hazikuharibika kwa kukosa kasi. Zimevunjika bawaba, zimelegea tundu la chaji, zimepasuka kioo, zimemwagikiwa kibodi, au zimekufa betri. Mambo hayo matano ndiyo yanayoamua kompyuta ya shule itadumu miaka mingapi, na ndiyo ambayo matangazo ya biashara huyagusa kwa nadra.

Tazama bawaba. Mtoto wa miaka tisa huinyanyua kompyuta kwa kuishika pembe ya kioo, kwa mkono mmoja, mkono mwingine ukiwa na daftari. Uzito wote wa mashine unaning'inia kwenye bawaba mbili. Katika kompyuta nyingi za bei rahisi, skrubu za bawaba zimeingia kwenye vijungu vidogo vya plastiki vilivyogundishwa ndani ya bodi. Baada ya miezi kadhaa kijungu kimoja hupasuka. Mfuniko unaanza kutoa mlio, pembe ya bodi inanyanyuka kila kioo kinapofunguliwa, na mtoto anazidi kulazimisha. Mwishowe waya mwembamba unaopeleka picha kwenye kioo unakatika, na fundi anaandika kwenye karatasi yake kwamba "kioo kimekufa", ilhali kioo ni kizima. Bawaba zilizofungwa kwenye fremu ya chuma zingezuia yote hayo.

Tundu la chaji nalo lina hadithi yake. Waya umekatiza njia, mtoto anapita mbio, mguu unaukokota. Kama tundu limechomelewa moja kwa moja kwenye bodi kuu, matengenezo yake ni magumu na bei yake inakaribia kununua mashine nyingine ya mtumba. Kama tundu lipo kwenye kipande chake kidogo kinachounganishwa kwa waya, fundi hukichomoa na kupachika kingine mchana huohuo. Ukitazama kwa nje huwezi kutofautisha mashine hizo mbili, kwa hiyo lazima uulize, na uulize kwa maandishi.

Kioo hupasuka kwa penseli iliyosahauliwa juu ya kibodi wakati mfuniko unafungwa, au kwa mashine kupangwa moja juu ya nyingine kabatini kama matofali. Kibodi hufa kwa uji na maji ya kunywa, na mara nyingi hufa kwa vidole vya watoto wadadisi wanaobandua herufi. Vumbi la chaki huingia kwenye feni, feni huziba, mashine inachemka na kujizima. Ndiyo maana mimi nasisitiza kompyuta isiyo na feni kwa darasa la msingi. Zipo nyingi za aina hiyo, zinatumia vichakato vidogo visivyotoa joto kali, na hazina tundu la kuvuta vumbi.

Sifa zinazotetea mtoto

Kanuni za ununuzi wa umma haziruhusu utaje jina la kampuni au modeli kana kwamba hakuna nyingine. Ikilazimu kutaja, unaongeza maneno "au inayolingana nayo". Watu wengi huliona hilo kama kikwazo, mimi naliona kama mlango. Ukikatazwa kutaja jina, unalazimika kueleza kazi, na kazi ya kompyuta ya shule unaijua vizuri kuliko muuzaji yeyote.

Wapo waliowahi kuifikiri kompyuta ya mtoto tangu mwanzo kabisa. Mwaka 2005 Nicholas Negroponte na wenzake wa mradi wa One Laptop per Child walitangaza kwamba watatengeneza kompyuta ya mtoto kwa dola 100. Mashine yao, XO, ilianza kutengenezwa kiwandani mwishoni mwa mwaka 2007, na bei haikufika dola 100, ilikaribia 200. Hata hivyo umbo lake linafaa kusomwa hadi leo na yeyote anayeandika sifa. Haikuwa na feni wala diski inayozunguka. Kibodi yake ilikuwa ya mpira uliofunika kote, maji hayakupata pa kupenya. Kioo chake kilisomeka hata juani, kazi ya mhandisi Mary Lou Jepsen. Ilikuwa na mpini wa kubebea, hivyo mtoto hakuwa na sababu ya kushika pembe ya kioo. Iliweza kufunguliwa kwa bisibisi ya kawaida, na ndani ya mpini ziliwekwa skrubu za akiba. Aliyefikiria skrubu za akiba ndani ya mpini alijua shule ya kijijini ni mahali gani.

Sasa andika zako. Kioo kiwe cha inchi 11 hadi 12, mashine isizidi kilo moja na nusu, maana mtoto ndiye anayeibeba. Kona za bodi ziwe na ukingo wa mpira. Bawaba zifungwe kwenye chuma na zifunguke hadi nyuzi 180, ili mtoto anayesukuma mfuniko asikutane na ukomo wa kuuvunja. Kibodi istahimili kumwagikiwa maji, na herufi zake zisibanduke kwa kucha. Tundu la chaji liwe kwenye kipande kinachobadilishwa, na chaja iwe ya USB-C, ili chaja ikipotea ipatikane nyingine dukani bila kuagiza. Betri ibadilike kwa kufungua skrubu, isiwe imegundishwa kwa gundi. Mashine istahimili kuanguka kutoka urefu wa dawati, yaani sentimita 70 au zaidi, ikithibitishwa kwa ripoti ya majaribio.

Hapo kwenye ripoti ndipo wauzaji wanapopenda kuteleza. Utaonyeshwa maandishi ya MIL-STD-810, na utaambiwa ni cheti cha jeshi la Marekani. Ni kweli kwamba kiwango hicho ni cha Wizara ya Ulinzi ya Marekani, na toleo lake la H ni la mwaka 2019. Lakini jeshi halitoi cheti kwa kompyuta za madukani. Mtengenezaji mwenyewe huchagua majaribio anayotaka kati ya mengi yaliyomo, huyafanya au kuyalipia, kisha hutangaza. Mmoja anaweza kuwa amejaribu joto na unyevu tu, asiguse kuanguka wala vumbi. Kwa hiyo dai kwamba mzabuni ataje njia za majaribio kwa namba: 516 ni ya mishtuko na kuanguka, 510 ni ya mchanga na vumbi, 501 ni ya joto kali. Mzabuni mwenye mashine ya kweli hatashindwa kuleta ukurasa huo.

Usidanganyike pia upande wa pili, wa kudai mashine za vitani. Herufi IP zikifuatwa na tarakimu mbili hueleza kinga: ya kwanza ni ya vumbi na huishia 6, ya pili ni ya maji. Kompyuta zenye IP65, kama baadhi ya Toughbook za Panasonic, zimetengenezwa kwa ajili ya migodi, polisi na wanajeshi. Kwa bei ya moja unapata kompyuta nyingi za shule. Mtoto hahitaji mashine inayohimili mvua ya mfululizo. Anahitaji inayoinuka ikianguka kutoka dawatini.

Uwezo wa ndani nauandika kwa ufupi. Kumbukumbu iwe GB 8, na kama fedha ni finyu sana GB 4 kwa mfumo mwepesi wa Linux tu. Hifadhi iwe SSD inayochomoka, GB 128 au zaidi. Epuka zile zenye hifadhi ya GB 32 iliyochomelewa kwenye bodi kuu: masasisho ya Windows yataijaza, mashine itaganda, na hakuna fundi atakayeweza kuiongeza. Liwepo pia tundu la vipokea sauti vya masikioni. Mwanafunzi asiyeona anaweza kuitumia kompyuta kwa programu ya bure kama NVDA, inayomsomea kilichoandikwa kwenye skrini, lakini darasa la watoto 60 halimruhusu asikie bila vipokea sauti.

Mpya au mtumba

Kwa shule nyingi swali hili ndilo zito zaidi. Ushauri wangu ni huu: kompyuta ya mtumba iliyotengenezwa kwa ajili ya ofisi au shule ni bora kuliko kompyuta mpya ya bei ya chini kabisa iliyotengenezwa kwa ajili ya nyumbani. Zipo familia za mashine zilizobuniwa kwa shule, kama ThinkPad 11e za Lenovo na Latitude za Dell za mfululizo wa elimu. Shule za Ulaya na Marekani huzitoa baada ya miaka kadhaa, nazo hufika Kariakoo zikiwa bado na bawaba imara na vipuri vingi.

Mtumba una mitego yake, na mkubwa kwa sasa ni wa tarehe. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kutoa msaada wa kawaida kwa Windows 10. Windows 11 inahitaji chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa vichakato vya Intel orodha yake huanza, isipokuwa vichache, na kizazi cha nane, kilichotoka mwaka 2017. Matokeo yake makampuni ya nje yanamwaga sokoni mashine za zamani kwa wingi, na muuzaji anaweza kukuonyesha Windows 11 inayofanya kazi kwenye mashine ya kizazi cha sita. Imewekwa kwa kuruka masharti, na hakuna aliyeahidi kwamba itaendelea kupata masasisho. Andika kwenye sifa: kichakato cha kizazi cha nane au zaidi, kiwe kwenye orodha rasmi ya Windows 11. La sivyo, amua kwa makusudi kwamba shule itatumia Linux, na uhakikishe Afisa TEHAMA wa halmashauri anaifahamu. Linux Mint kwenye mashine ya kizazi cha sita yenye SSD ni kompyuta nzuri ya darasa, nami naipendekeza bila kusita pale ambapo yupo mtu mmoja wa kuitunza.

Kwa Chromebook, tafuta tarehe ya mwisho ya masasisho ya modeli husika. Google imeahidi miaka kumi kwa aina zilizotoka kuanzia 2021, lakini miaka hiyo huhesabiwa tangu aina hiyo ya mashine ilipotoka sokoni, si tangu siku ulipoinunua. Na kwa shule isiyo na intaneti ya uhakika, Chromebook sio chaguo langu.

Jambo dogo ambalo limewatesa wengi: mpangilio wa herufi. Mashine za mtumba kutoka Ufaransa na Ubelgiji zina kibodi inayoanza na AZERTY, za Ujerumani zina QWERTZ. Fundi atabadilisha mpangilio ndani ya programu, lakini vibonye vitabaki na herufi zilezile za kigeni, na mtoto atakuwa anabonyeza A anapata Q. Andika "kibodi ya QWERTY, herufi za asili zisizobandikwa stika". Maneno hayo machache yanaokoa mwaka mzima wa vurugu.

Umeme kwanza

Huwezi kukamilisha sifa za kompyuta bila kujua zitachajiwa wapi. Fanya hesabu ukiwa na kalamu. Betri ya kompyuta ndogo ya shule hubeba takriban saa-wati 40. Mashine 20 ni saa-wati 800, na ukiongeza kinachopotea njiani kwenye chaja, inveta na betri za kuhifadhia, weka 1,100 kwa siku. Paneli ya wati 300 ikipata jua kali saa tano hutoa karibu kiasi hicho, ukitoa hasara. Kwa hiyo shule isiyo na umeme wa gridi inaweza kuhudumia mashine 20 kwa mfumo mdogo wa sola, mradi mfumo huo uingizwe kwenye zabuni ileile au uwe tayari kabla mashine hazijafika. Mashine zinazotumia wati 6 au 7 zikiwa kazini ni bora kwako kuliko zinazotumia 20, hata kama za pili zina kasi zaidi.

Penye umeme wa gridi, tazama soketi. Chaja 20 za wati 65 ni wati 1,300 kwa pamoja. Soketi moja nzuri ya ukutani inaumudu mzigo huo, lakini waya mwembamba wa kuunganishia wa bei rahisi utachemka hadi kunuka. Gawa kwenye soketi mbili au tatu, na umlipe fundi umeme kabla ya kumlipa muuzaji wa kompyuta.

Njia ya makaratasi

Ununuzi wa taasisi za umma nchini hupitia NeST, mfumo ulioanza kutumika mwaka 2023 ukachukua nafasi ya TANePS, chini ya usimamizi wa PPRA, mamlaka ya udhibiti wa ununuzi wa umma. Sheria yenyewe ni Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023. Usiingie humo peke yako. Mtu wa kwanza wa kumwona ni Afisa TEHAMA wa halmashauri, wa pili ni afisa ugavi. Wa kwanza atakusaidia sifa, wa pili atakuambia ni njia gani ya ununuzi inaruhusiwa kwa kiasi chako cha fedha, na kama kuna wazabuni wenye mikataba maalumu ya GPSA, wakala wa ununuzi wa Serikali, kwa vifaa hivyo.

Maombi yako yasipokuwemo kwenye mpango wa ununuzi wa mwaka hayana pa kupita. Mwaka wa fedha huanza Julai mosi na bajeti za halmashauri huandaliwa miezi mingi kabla, kwa hiyo muhtasari wa kikao cha kamati ya shule unaoomba kompyuta unatakiwa uwe umesainiwa na kupelekwa mapema mwanzoni mwa mwaka wa kalenda. Anayekumbuka mwezi Mei atanunua kwa haraka kabla ya Juni 30, na ununuzi wa haraka ndio unaoleta zile mashine za hifadhi ya GB 32.

Usikubali ushauri wa kugawa ununuzi vipande vipande ili kila kipande kionekane kidogo. Sheria inakataza, mkaguzi ataona, na zaidi ya hapo utapata mashine za aina nne ambazo hazibadilishani hata chaja. Fanya kinyume chake. Zungumza na shule jirani za kata yako, muombe pamoja kupitia halmashauri. Kwa mashine 20 mzabuni hatajisumbua kuleta vipuri. Kwa mashine 200 atajisumbua.

Kwa nini nasisitiza masharti yaandikwe wazi na yafuatwe yalivyo? Tazama Kenya. Mwaka 2013 watoto wa darasa la kwanza waliahidiwa kompyuta mpakato. Zabuni ikatolewa, na mwanzoni mwa 2014 kampuni ya Olive ya India ikapewa kazi ya shilingi za Kenya zaidi ya bilioni 24. Washindani walioshindwa, wakiwemo Hewlett-Packard na Haier, wakalalamika, na bodi ya mapitio ya zabuni ikaifuta kazi hiyo kwa sababu mshindi hakutimiza masharti yaliyokuwa yamewekwa na zabuni yenyewe. Vifaa vilianza kufika shuleni mwaka 2016, vikiwa vishikwambi badala ya kompyuta mpakato, chini ya Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta pamoja na washirika wao. Mtoto aliyekuwa darasa la kwanza mwaka 2013 alikuwa tayari darasa la nne. Sharti usilokusudia kulisimamia, usiliandike. Ulilokusudia, liandike kwa namna inayopimika, ili mshindani akilalamika jibu liwe kwenye karatasi.

Kwa hiyo badala ya "iwe imara", andika "ianguke kutoka sentimita 70 na kuendelea kufanya kazi". Badala ya "waranti nzuri", andika "miaka mitatu, mashine mbovu itengenezwe au ibadilishwe ndani ya siku 14, usafiri kutoka halmashauri kwa gharama ya mzabuni". Ongeza vipuri kwenye bei hiyohiyo: kwa kila mashine 20, chaja 3, betri 2, kibodi 2, na kioo kimoja. Mzabuni akiuza vipuri pamoja na mashine, bei inalinganishwa kwa usawa. Ukisubiri kuviomba mwaka wa pili, utahitaji zabuni nyingine kabisa kwa ajili ya chaja tatu.

Dai pia bei itolewe kwa muda wa matumizi. Chukua mfano huu wa kubuni. Mashine ya kwanza ni shilingi 650,000 na inadumu miaka miwili. Ya pili ni 900,000 na inadumu mitano. Kwa mashine 20, ya kwanza inaigharimu shule milioni 6.5 kwa mwaka, ya pili milioni 3.6. Ukiweka hesabu hiyo ndani ya vigezo vya tathmini tangu mwanzo, kamati itaruhusiwa kuitumia. Ukiileta siku ya tathmini, itakataliwa, na ni haki ikataliwe.

Mzabuni naye ana hesabu zake, na ukizielewa utapata bei nzuri. Anajua kwamba anapoiuzia Serikali atakatwa kodi ya zuio ya asilimia 2, na anaogopa zaidi kucheleweshewa malipo. Shule au halmashauri inayolipa kwa wakati hupewa bei ya chini mwaka unaofuata. Kuna pia fungu la zabuni lililotengwa kwa makundi maalumu: vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Kikundi cha vijana mafundi wa wilayani mwako kinaweza kuwa mzabuni bora wa matengenezo kuliko duka la Dar es Salaam, kwa sababu kipo karibu.

Kama kompyuta ni za msaada kutoka nje, karatasi hazipungui. Mwandikie mfadhili barua yenye sifa zilezile, na umwambie bila woga kwamba mashine zisizotimiza hazitapokelewa. Maombi ya msamaha wa kodi yaanze kabla meli haijang'oa nanga. Kontena linalosubiri barua bandarini hutozwa gharama za kuhifadhiwa kila siku, na fedha hizo hutoka kwenye mfuko wa shule.

Siku ya kupokea

Kamati ya ukaguzi na mapokezi isihesabu maboksi tu. Mwite Afisa TEHAMA, mchague mashine tatu kwa kubahatisha, muziwashe. Andikeni namba za utambulisho wa kila mashine, mlinganishe na hati ya kukabidhi. Kwenye Windows, fungueni dirisha la amri na mwandike powercfg /batteryreport. Mashine itatengeneza ripoti inayoonyesha uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa sasa. Betri mpya iwe karibu na asilimia 100. Kwa mtumba, mimi nisingepokea chini ya 80. Fungueni na kufunga mfuniko mara ishirini mkisikiliza bawaba. Chomekeni chaja na kuitikisa taratibu. Kisha moja, kwa idhini ya muuzaji iliyoandikwa ndani ya mkataba, idondosheni kutoka juu ya dawati mbele yake. Mkiona aibu kufanya hivyo mbele ya muuzaji, kumbukeni kwamba watoto watafanya hivyo wiki ileile.

Mashine isiyolingana na sifa irudi, hata kama ni nzuri, hata kama mkurugenzi amekwishaalikwa kwenye hafla ya makabidhiano. Mkisaini hati ya mapokezi, mmepoteza nguvu yenu yote.

Kabla watoto hawajagusa

Kati ya mwaka 2009 na 2010 Peru iligawa kompyuta za XO kwenye shule za msingi vijijini, na watafiti wa Benki ya Maendeleo ya nchi za Amerika wakafuatilia shule 319. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2012 hayakuonyesha nafuu yoyote kwenye hisabati na lugha. Shule nyingi hazikuwa na intaneti, na walimu hawakuandaliwa vya kutosha. Rwanda nayo ilipokea zaidi ya XO 200,000, moja ya idadi kubwa kabisa barani, kabla ya kugeukia mashine za kampuni ya Positivo zilizounganishwa Kigali. Idadi peke yake haifundishi mtu.

Tenga sehemu ya fedha kwa mambo mawili. La kwanza ni maudhui yaliyomo ndani ya shule yenyewe, yasiyotegemea bando: kompyuta ndogo kama Raspberry Pi inaweza kurusha mtandao wa darasa wenye programu ya masomo ya Kolibri, na Wikipedia kupitia programu ya Kiwix, ikiwemo ya Kiswahili. Vitabu vya Taasisi ya Elimu Tanzania vinapatikana kwenye maktaba mtandao yake. Mwalimu mmoja avipakue mjini na kuvileta. La pili ni muda wa walimu. Walimu wengi tayari wana vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022, kwa hiyo hawaanzi sifuri. Wape mashine mpya mwezi mzima kabla ya wanafunzi, waende nazo nyumbani, waharibu na kurekebisha.

Kabati liwe la chuma, lenye vyumba vya kusimamisha mashine wima kama vitabu, na funguo ziwe kwa watu wawili. Chora jina la shule na namba kwenye bodi kwa kalamu ya kuchongea, kwa kuwa stika hubanduka. Wachague wanafunzi wanne au watano wa darasa la juu, wasichana wakiwemo, mwalimu awafundishe kusafisha kibodi, kubadilisha chaja na kuandika kwenye daftari kila mashine ilipata nini na lini. Daftari hilo ndilo litakalokuandikia sifa za zabuni ijayo.

Na mashine zikifa, usiziache zirundikane zikisubiri mkaguzi wa miaka mitano ijayo. Kifaa kilichoandikwa kwenye leja ya mali za Serikali hakifunguliwi kutoa vipuri bila kibali, na shule nyingi zina kompyuta kumi mbovu ambazo zingezaa sita nzima laiti mtu angeruhusiwa kuchukua kioo cha hii na kibodi ya ile. Omba kibali cha kufuta mali chakavu kila mwaka, pamoja na orodha ya namba za mashine na maelezo ya Afisa TEHAMA, na kwenye barua hiyohiyo omba ruhusa ya kubakiza vipuri. Betri zilizovimba zitenge siku hiyohiyo kwenye ndoo ya mchanga kavu nje ya darasa, wala zisitobolewe wala kuchomwa na takataka nyingine, na halmashauri iombwe ikuelekeze kwa mkusanyaji wa taka za kielektroniki mwenye leseni.